Seva ya Bongo Nne

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi bali zamani ya juzijuzi, katika mji mmoja wa Unyamwezini palikuwa na ofisi iliyopokea maombi ya vijana wanaotaka kusomea uuguzi. Maombi yote yalipitia tovuti, na tovuti ilikaa ndani ya seva moja yenye bongo nne, zile ambazo mafundi huziita prosesa.

Ofisini humo walikuwamo vibarua watatu. Nyamizi alilinda tovuti. Mahona alikuwa fundi wa mitambo. Bi Tunu alipokea simu na kuchemsha chai. Mkataba wa Nyamizi ulikuwa unakwisha Ijumaa, naye alikuwa ameapa kwamba safari hii haondoki bila ajira ya kudumu.

Siku ya mwisho ya maombi ikafika. Watu wetu si tunawajua? Mwezi mzima mlango u wazi, wao wanangoja siku ya kufungwa! Kufika saa sita mchana, vijana elfu tisa wakabisha hodi kwa mpigo. Tovuti ikaganda. Mkurugenzi, Mama Lufunga, akatoka na barua mkononi.

"Ajira ya kudumu ni moja tu, nimeipigania mwaka mzima," akasema. "Atakayeiokoa seva kabla ya saa kumi, jina lake linaandikwa hapa. Ikizimika, fomu zilizojazwa nusu zimepotea, na watoto wa watu wamekosa mwaka."

Nyamizi akavuta kiti. "Haizimiki nami nimekaa hapa."

Akaondoa picha. Akaondoa matangazo. Akaingiza vijana mia, akazuia wengine. Wakitoka mia, akaingiza mia. Seva ikayumba, akaishika. Ikayumba tena, akaishika tena. Saa nzima hakubandua macho, vidole vikafa ganzi. Lakini foleni ilizidi kurefuka, naye alijua anauchelewesha msiba tu. Aliogopa sana. Hakuacha.

Bi Tunu akaleta chai, akasimama nyuma yake, akatazama skrini yenye michirizi minne, mmoja kwa kila ubongo.

"Mwanangu, mbona mmoja anatwanga mpaka jasho, wenzie watatu wameshika mchi tu?"

Nyamizi akatazama. Lahaula! Ubongo wa kwanza ulikuwa umejaa pomoni, na zile tatu zimelala. Saa nzima alikuwa akisoma jumla ya bongo zote nne, na jumla ilisema mzigo ni robo tu.

"Kaka Mahona, njoo uone!"

Mahona akaja, akaona, akainamisha kichwa. "Ni mimi huyo. Nilipoisimika hii seva, niliagiza kila ombi lipokewe na ubongo wa kwanza. Wakati ule wageni walikuwa hamsini kwa siku. Nikasahau."

Angeweza kunyamaza, hakuna mwingine aliyejua. Akakaa, akaandika amri mpya: ombi hili huku, hili kule, hili kule, na hili kule. Michirizi yote minne ikainuka pamoja. Nyamizi akafungua mlango wote, na saa kumi kasoro dakika tano foleni ilikuwa imekwisha.

Mama Lufunga akaiweka barua mezani.

Bi Tunu akasema, "Msomi alikodoa macho saa nzima asione. Bila jicho langu mngekuwa mnalia sasa hivi. Miaka kumi na mmoja nachemsha chai hapa."

Mahona akasema, "Kuuona ugonjwa si kuutibu. Nimeutibu mimi, tena nimekiri kosa ambalo ningeweza kulificha."

Nyamizi akasema, "Ungetibu nini, kaka? Maiti? Nisingeishika mimi, mngeikuta imekufa. Na aliyewasha moto hadai zawadi ya kuuzima."

Mama Lufunga akampa Nyamizi kalamu. "Wewe umeanza nayo, umemaliza nayo. Andika jina la anayestahili. Lolote utakaloandika, natia sahihi."

Nyamizi akaipokea. Chai aliyoletewa ilikuwa imepoa bila kuguswa. Mahona alitazama sakafu. Bi Tunu alimtazama Nyamizi. Mzigo wa seva uligawanyika kwa nne, lakini barua ile haikugawanyika hata kwa mbili. Akaiweka ncha ya kalamu kwenye karatasi.

Haya, nanyi mliokaa mkinisikiliza kwa raha zenu: kalamu hiyo ingekuwa mkononi mwenu, je, mngeandika jina la nani?