Kwa Nini Watu wa Ziwa Huitana Ukunguni

Zamani, enzi Rumi ilipotawala nchi yote hii, watu wa ziwa letu walipita ukunguni kimya kabisa. Wavuvi walisema sauti hufukuza samaki, na aliyethubutu kuimba asubuhi ya ukungu alikemewa na jirani zake. Wakati huo, kwenye ukanda mwembamba kati ya maji na vilima, aliishi mkata matete aitwaye Larthia. Alikuwa amebakiwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake Aule, ambaye jeshi la Rumi lilikuwa limemchukua aongoze nyumbu wa mizigo.

Jioni moja Larthia alipanda kilimani kutafuta kuni. Alipoinama kuokota tawi, akaona mguu wa mtu. Akatazama vizuri: nyuma ya kila kichaka palikuwa na mtu amelala kifudifudi, mkuki ubavuni, kilima kizima na kilima cha pili pia. Mmoja wao akamdaka mkono.

"Mama, hatuna ugomvi na wewe," akamnong'oneza. "Tunawangoja Warumi. Rudi kwako, ufunge mdomo."

Alirudi mbio, kuni akaziacha huko huko. Hakula. Alikaa, akasimama, akafungua mlango, akaufunga. Jeshi lingepita njia ya ufukweni, chini ya vilima vile vile, na Aule alikuwa ndani yake.

Kulipopambazuka, ukungu ulikuwa mzito hata Larthia hakuiona miguu yake mwenyewe. Kisha akasikia viatu, maelfu kwa maelfu. Akajitosa njiani, akamshika mkono akida wa kwanza aliyemfikia.

"Bwana, wageuze watu wako! Vilimani kumejaa maadui."

Akida akacheka. "Adui yuko mbele, mwendo wa siku nzima. Ukungu umekutisha tu, mama. Tupishe."

Larthia akaanza kukimbia kando ya safu akipaza sauti, "Aule! Aule!" Alikuwa hajawafikia nyumbu parapanda zilipolia huko juu, upande huu na upande ule, na maadui wakaporomoka kutoka vilimani.

Warumi hawakupata hata nafasi ya kujipanga. Walipigwa ubavuni na mgongoni, na katika kuparamiana wakachomana wao kwa wao. Wengi walikimbilia ziwani na deraya zao nzito za chuma mwilini, maji yakawameza. Larthia alisimama kwenye matete, maji yakimfika kifuani, akaita bila kukoma. Mara akajibiwa, "Dada! Niko hapa!" Akaita tena. Jibu la pili lilitoka mbali zaidi. La tatu hakulisikia.

Lakini wengine waliifuata sauti yake. Mmoja baada ya mwingine, watu tisa walitokea ukunguni wakipapasa matete, naye akawaficha wote. Ukungu ulipoinuka, jeshi lilikuwa limekwisha. Aule hakuonekana, si hai wala maiti.

Larthia hakutulia tena. Kila ukungu ulipotanda alishuka ufukweni kumwita ndugu yake, akienda na kurudi, akienda na kurudi. Majirani walinung'unika, lakini hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Miongoni mwa wale tisa alikuwapo mmoja, jina lake Numeri, aliyeona aibu kurudi kwao akiwa mzima, akabaki pale kushona nyavu. Asubuhi moja alishindwa kuvumilia. Akatoka mlangoni, akaitika kwa sauti yake yote:

"Niko hapa, dada!"

Halafu Larthia akajitokeza ukunguni, akamtazama usoni. Alijua kwamba si Aule.

"Asante, ndugu yangu," akasema. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alirudi nyumbani kabla ukungu haujaondoka. Siku nyingine alipoita, majirani nao wakaitika, hata wavuvi kutoka majini.

Na tangu siku hiyo, ukungu ukitanda ziwani kwetu, kila apitaye huita, na kila amsikiaye huacha kazi aliyoishika na kuitika, "Niko hapa," awe anamjua au hamjui. Wala hatukai chini mpaka aliyeita ajitokeze.