Nyati Mkulima wa Mibaruti

Hapo zamani za kale, Nyati alipokuwa bado anajiita mheshimiwa, nchi ilikuwa kavu na miti ilikuwa michache. Miti yote ilikuwa yake, na amri pia: "Marufuku kuokota kuni! Marufuku kupanda chochote!"

Bi Digidigi alikuwa na watoto wadogo. Kwa kukosa kuni walitafuna mtama mbichi, matumbo yakawauma, na mama wa watu roho ilimuuma zaidi.

Kando ya dimbwi la Nyati ilikuwepo mibaruti michache, ile mimea ya miiba isiyodai maji. Mashina yake yakikauka huwaka vizuri, na mbegu zake hutoa mafuta ya kuwashia taa chumbani. Lakini nani angemruhusu kuipanda?

Asubuhi moja alimkuta Nyati ametoka kwenye tope, anajikuna makalio kwenye mwamba, kwaru, kwaru.

"Shikamoo, mzee. Kupe hao?"

"Marahaba. Wananimaliza, binti."

"Tope peke yake halitoshi. Ukitoka humo, gaagaa kwenye mibaruti iliyokauka, ikukune. Kisha tembea mpaka tope likauke."

"Nitembee wapi?"

"Nchi yako yote. Si unaikagua kila siku?"

Nyati akagaagaa, puu, puu! Mbegu zikanasa kwenye tope mgongoni. Akazunguka nchi nzima kifua mbele, tope likidondoka nyuma yake, po, po, po. Akaona raha. Kesho yake akarudia.

Mvua kidogo ikanyesha, mibaruti ikaota kila mahali. Kiangazi kilipoikausha, Nyati akaja anafoka.

"Digidigi! Nani amepanda uchafu huu?"

"Tazama umefuata njia ya nani, mzee."

Nyati akatazama. Uchafu ule ulipita alipopita yeye, ukazunguka alipozunguka, mpaka kichakani anapojisaidia. Akaona haya, akajaribu kuing'oa mibaruti kwa mdomo.

"Mama yangu! Pua yangu!"

"Ningekusaidia," alisema Digidigi, "ila sina ruhusa ya kuokota kuni."

"Hizi si kuni, ni takataka! Chukua zote! Kila mwaka!"

"Haya, kwa kuwa umeniomba."

Jioni hiyo chungu cha mtama kilichemka, watoto wakala mpaka wakasinzia na vijiko mkononi. Nyati akapita, akanusa. "Asante kwa kunisafishia, binti," akasema, akaenda zake kugaagaa.

Basi watoto, anayewakataza wenzake kila kitu huishia kuwalimia bila kujua.