Jini wa Kijaa cha Binti Makame

Katika zama ambazo hata makaburi ya waliozisimulia hayajulikani tena yalipo, mji wa Zahirani ulitawaliwa na Sultani Abdulwahabi bin Shaabani, mwenye majeshi na mabustani na hazina zisizo na idadi, na pamoja na fahari hiyo yote alikuwa mtu wa huzuni, kwa kuwa mwanawe wa pekee, Idarusi, alishikwa na maradhi yaliyomkausha mwili, na matabibu walikuja na vitabu vyao wakaondoka na vitabu vyao. Hakuna chakula kilichokaa tumboni mwake. Kitu kimoja tu kilipita kooni, nacho ni togwa ya kimea cha shayiri iliyopikwa na Bi Msimu wa mtaa wa wasagaji. Kisha Bi Msimu akafariki dunia.

Basi Sultani akaamuru aletwe binti wa marehemu, Mize binti Makame, naye akaja na kijaa cha kusagia alichorithi, mawe mawili ya kijivu yaliyolaliana, la juu likiwa na mpini wa mti. Alirithi na wasia pia. Mama yake alimwambia kwamba kimea hupasuliwa tu, hakisagwi kikawa unga, kwa sababu ganda likibaki zima ndilo litakalochuja togwa. Na kwamba kijaa hakizungushwi kitupu, mawe yasije yakalana. Na kwamba kazi ikiisha hufagiwa kikavu kwa ufagio wa makumbi ya nazi. Kuhusu maji hakusema neno, kwa kuwa katika mtaa wao hapakuwa na mtu aliyewahi kuwazia kuosha kijaa.

Lakini Waziri Mkuu, ambaye hakuwahi kusaga hata punje moja na kwa hiyo alikuwa na maoni mengi juu ya usagaji, alikitazama kijaa kile akakunja pua. Mize akaona haya mpaka machozi yakamlengalenga. Akachota maji, akatia marashi, akakiosha kijaa cha mama yake kwa mikono miwili, huku akidhani anamheshimu mgonjwa.

Vumbi la kimea lililojificha katika meno ya mawe likalowa, na likaota kuvu mahali pasipoonekana. Siku ya tatu Mize akasaga, akapika, na mwanamfalme akanywa. Alitapika usiku kucha, na kulipopambazuka sauti ilikuwa imempotea.

Sultani akaapa kwamba kama mwanawe atakufa, aliyemnywesha atamfuata. Mize akafungiwa katika chumba cha kusagia, na jambo lililomuuma zaidi ya upanga ni kwamba hakujua alipokosea. Akalikumbatia jiwe la juu ili alinyanyue atazame ndani, na jiwe likamshinda. Ila lilijongea kidogo, ikatoka harufu ya uchachu, na nyuma ya harufu akatoka jini, ameloa chapachapa, anakohoa.

"Amani iwe juu yako, binti Makame," akasema. "Mimi ni Dahmani, niliyefungwa ndani ya jiwe hili kabla bibi ya bibi yako hajazaliwa. Nimeapishwa kumtimizia ombi moja kila mwenye kijaa atakayeniona. Na sijapata kuonja maji ila mkononi mwako."

Hapo Mize akafahamu kosa lake, akaketi chini akalia.

Jini akapiga kofi, na mbele yao kikatokea kijaa cha dhahabu kilichopambwa yakuti, kinachojizungusha chenyewe bila kuguswa. Akamwambia akichukue, shida yake iishe. Moyo wa Mize ulikitamani, tusimsingizie, nani asingekitamani? Lakini alikuwa mtoto wa msagaji. Akatia gao moja la kimea, akapokea kilichotoka, akakisambaza kiganjani. Ulikuwa unga mwororo mtupu, wala hapakuwa na ganda hata moja lililosalimika. Akauliza kama mawe yale yanaweza kuachanishwa kidogo. Jini akasema hayalegei, yameumbwa kusaga kila kitu mpaka mwisho.

"Kirudishe ulikokitoa," akasema Mize. "Togwa yake itakuwa tope, na mgonjwa hawezi kumeza tope. Ombi langu ni uninyanyulie mawe ya mama yangu, uyashike juani mpaka yakauke."

Dahmani akapiga kofi, kijaa cha dhahabu kikatoweka. "Mabwana zangu wote waliniomba vitu," akasema. "Wewe umeniomba kazi."

Kukausha kulitaka siku mbili, na Mize hakuwa nazo. Akaomba apelekwe mbele ya Sultani, aliyekuwa kando ya kitanda cha mwanawe, akapiga magoti.

"Ewe Sultani wa zama, mwanao hakudhuriwa na adui. Ni mimi niliyekiosha kijaa kwa kuionea haya asili yangu, na maji yakaleta kuvu. Naomba siku mbili. Baada ya hapo shingo yangu iko mbele yako."

Sultani akasema mwanawe hana siku mbili. Ndipo Idarusi, asiyekuwa na sauti, akatoa mkono chini ya shuka akainua vidole viwili. Baba yake akageuka ukutani akalia, na ruhusa ikatoka.

Jini akayashika mawe juani siku mbili bila kuyashusha. Mize akayachonga meno upya kwa tindo, akasaga pumba kavu na kuzimwaga ili zitoke na changarawe, akaweka kipande kidogo cha ngozi kwenye mhimili wa katikati ili mawe yasibanane. Akapasua kimea, akatazama kiganjani. Maganda yalikuwa mazima. Akayafagia mawe kwa ufagio wa makumbi, kisha akapika.

Idarusi akanywa, na togwa ikakaa. Siku ya saba akaomba nyingine kwa sauti yake mwenyewe.

Dahmani, ambaye kifungo chake kilikuwa mpaka aombwe kazi badala ya kitu, akafunguliwa akaenda zake, na Mize, kwa ridhaa yake mwenyewe, akaozwa kwa Idarusi, akapewa bustani na nyumba yenye roshani saba. Siku ya harusi Waziri Mkuu alikuja na birika la marashi, akataka kijaa kioshwe kwa heshima ya bibi harusi. Mwanamfalme akalipokea birika, akaliweka chini, akatwaa ufagio wa makumbi, akapiga magoti katika joho lake la harusi na kuanza kukifagia mwenyewe.

Na mafunzo ya habari hii ni kwamba kitu ulichoachiwa na wazazi usikionee haya mbele ya wakubwa, bali ujue namna ya kukitunza. Sisi tumeyapokea hivyo, na hivyo tumeyafikisha.