Bingwa wa Vita Vilivyokwisha

Kaeni vizuri, kisa hiki kina vumbi. Ukame ulikuwa umeingia nyikani, na katika nchi ya Simba lilibaki dimbwi moja tu. Aliyekunywa wa kwanza kila asubuhi hakuwa Simba, pamoja na ufalme wake wote. Alikuwa Sungura, kwa heshima ya vita vya kwanza.

Katika vita vile Nyani walisimama ng'ambo ya korongo wakirusha mawe, na Sungura akachimba shimo ajifiche. Wenzake walipoona shimo wakaliongeza, likawa handaki. Mawe yalipita juu ya vichwa mpaka Nyani wakachoka mikono, wakaenda zao. Sungura alitoka akitetemeka, akakuta anaitwa Bingwa. Angefanya nini? Alinyamaza, akanywa.

Sasa dimbwi lilikaribia kuwa tope, na Nyani nao walikuwa na kiu. Kanga akaja mbio barazani kwa Simba.

"Nyani wanajifunza kupanda migongoni mwa mbuni," alisema. "Wanarusha mawe huku wanakimbia. Hawakai tena mahali pamoja."

Sungura alijua vizuri kwamba mbuni akiona shimo hulizunguka. Lakini akikiri kwamba vita vya namna hiyo havijui, kesho atapanga foleni nyuma ya Fisi, na Fisi akishakunywa hakibaki kitu.

"Mbuni ni kuku aliyerefuka tu," akasema. "Vita ni handaki. Mara hii tulichimbe refu zaidi, tena lenye kina."

"Na wakija kwa nyuma, Bwana Bingwa?" Kanga aliuliza.

"Nyani ana desturi yake. Kwanza hupiga ngoma, kisha husimama ng'ambo, ndipo arushe."

"Tena adui anayenijua mimi hathubutu kunijia mgongoni," Simba alisema, akitikisa manyoya. "Chimbeni."

"Wachimbaji watakula nini?" Fisi aliuliza, na hilo ndilo lililojadiliwa mpaka jioni.

Wakachimba. Handaki lilipendeza hata Sungura mwenyewe akakaribia kuliamini. Asubuhi moja wote walikuwa ndani, macho ng'ambo, wakingoja ngoma. Ngoma haikulia. Mbuni walizunguka kilima wakatokea nyuma, Nyani migongoni, wakalipita handaki bila hata kulitazama, wakaliteka dimbwi. Jeshi la Simba lilijaribu kutoka, lakini kuta zilikuwa ndefu mno. Kila aliyepanda aliporomoka na udongo. Sungura, mwenye masikio marefu kuliko wote, hakuwa amesikia kitu, kwa kuwa alikuwa akisikiliza mbele tu. Aibu ilimjaa, kisha kicheko kikamponyoka.

"Unacheka nini?" Simba alinguruma.

"Najicheka mwenyewe, Mzee. Vita vya kwanza sikushinda, nilijificha. Miaka yote hii nimewafundisha woga wangu."

Tangu siku hiyo Nyani hunywa kwanza, kisha Simba na watu wake, na mwisho kabisa Sungura, akilamba tope baada ya Fisi. Simba ameshatoa amri: vita vijavyo, wote juu ya mbuni. Barazani walishangilia sana.

"Mzee," Sungura alisema kutoka nyuma, "jana nimewaona Nyani wakizungumza na tai."

Alikuwa anasema kweli. Hakuna aliyegeuka.