Samaki Mmoja wa Kuachwa

Usinikunjie uso. Hujasoma hata mstari mmoja, tayari unasema "uongo huo." Ulikuwapo? Hukuwapo. Basi tulia usome, na ukimaliza mpelekee mwenzio mbishi kama wewe.

Palikuwa na kisiwa kidogo, na mbele yake mwamba wa matumbawe wenye samaki wa kila rangi: changu, tasi, chewa, kangaja, pono, na kipepeo wa manjano asiyeshibisha hata paka. Mwamba ule ulikuwa umefungwa, usivuliwe hadi itimie miaka mitatu, ili samaki wazaane. Aliyeufunga ni Bi Mize, mjane aliyewinda pweza kwa miguu tangu meno yake yakiwa kamili. Yeye ndiye aliyechomeka mti wa mwiko ukingoni, alama ya kukataza kuvua. Na desturi ya pale ilikuwa hiyo: mti wa mwiko haung'olewi ila kwa mkono uliouchomeka. Akiung'oa mwingine, samaki wake hapikwi katika nyumba yoyote.

Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita, Jumbe Ngwali akapata juya jipya, wavu mrefu wa kukokota kutoka ufuoni. Mikono ikaanza kumwasha. Lakini alimjua Bi Mize: ukimwomba anakataa, ukimtisha anacheka. Akabuni hila. Akaita watu wote nyumbani kwake.

"Tutaufungua mwamba," alisema, "ila mimi si mlafi. Samaki mmoja, aina moja, tutamwacha, asiguswe milele. Kila mtu amtaje anayemwona bora. Atakayenishawishi, samaki wake atasalimika."

Bi Mize alikuwa amekaa mkekani miongoni mwao. Alijua kuna mtego, ila hakujua umetegwa wapi.

Silima mvuvi akaanza. "Chewa! Mmoja tu anatosha wali wa arusi."

"Kipepeo," akasema mwingine. "Kwa uzuri."

"Uzuri wa nini? Umemwoa?" Silima alimkatiza, watu wakaangua kicheko.

Bi Mize akafungua fundo la kanga yake, akamwaga mbele ya Jumbe mchanga mweupe aliotoka nao ufuoni.

"Pono," alisema.

"Pono!" Silima alijipiga paja. "Samaki wa usingizi! Bibi, uzee umekupanda kichwani."

"Nimezeeka, naam. Nilikuona ukijikojolea pale ufuoni, huna hata suruali. Unajua ulikuwa umekalia nini?"

Bi Mize alichota ule mchanga, akamwonyesha.

"Mavi ya pono! Anakwangua mwamba kwa lile domo lake, anakula majani yanayosonga matumbawe, jiwe analitafuna, kisha analinya likiwa mchanga. Ufuo wako huo. Hapo mlipojenga, hapo mlipozika wazazi wenu. Mmalizeni pono, majani yafunike matumbawe, matumbawe yafe. Chewa wako akaishi wapi, Silima? Mfukoni mwako?"

Hakuna aliyecheka tena. Hata wazee waliutazama ule mchanga kama mtu aliyeonyeshwa kaburi la kwao.

Jumbe akapiga makofi, upesi mno. "Umeshinda, Bi Mize! Pono hataguswa. Mbele ya watu wote umepata ulichotaka. Sasa kesho maji yakitoka, nenda ukaung'oe mti."

Kumbe ndipo mtego ulipokuwa.

Bi Mize aliinuka polepole, akaliendea lile juya lililorundikwa pembeni. Akajaribu kupitisha kidole chake kidogo kwenye tundu. Hakikupita.

"Jumbe, juya hili likikokotwa, litamjuaje pono? Litamwambia, 'Pono, wewe pita'?"

"Tutamchagua ufuoni, tumrudishe majini."

"Mtarudisha maiti! Mtamsomea na hitima?"

"Lakini umekubali, bibi! Umeshindana, umeshinda!"

"Nimesema pono ni bora. Nani alikuambia nimekupa mwamba? Umenitupia samaki mmoja, kama mtu anayemtupia paka mwiba, ili nikiwa ninautafuna usombe chungu kizima!"

"Basi nitaung'oa mwenyewe!" Jumbe alifoka. "Mimi ndiye jumbe hapa!"

"Ung'oe. Kisha mwulize mkeo kama atawasha jiko."

Watu wote wakamgeukia mke wa Jumbe, aliyekaa mlangoni pa ndani. Yule mama hakumtazama mumewe. Alivuta mtandio wake, akajifunika mdomo, akatikisa kichwa: hapana.

Jumbe akalisukuma juya lake kwa mguu. Silima akaanza kujikuna. Bi Mize hakuwangoja waombe radhi wala wamsifu. Alikung'uta kanga yake, akavaa makubadhi, akatoka, akaubamiza mlango nyuma yake.

Funzo: Dhalimu akikupa nafasi ya kuchagua kimoja cha kuokoa, kabla hujachagua muulize nani alimruhusu kuchukua vingine.