Mkeka wa Nyumba ya Tulizo

"Mgeni wa taarifa huona mkeka, haoni nyumba."

Mzee Mntambo aliyasema maneno hayo akipita mbele ya zahanati, bila kumlenga mtu. Vijana wa kitongoji walikuwa pale tangu asubuhi wakipaka chokaa mawe ya njiani, kwa sababu mkuu wa wilaya alitarajiwa kesho yake. Wakacheka. Kisha msichana mmoja, Asiatu, akaiacha brashi ndani ya ndoo, akamuuliza methali hiyo kaitoa wapi, maana shuleni hawakuisoma.

"Hamkuisoma kwa kuwa haijazeeka," alisema mzee. "Mimi mwenyewe imenikuta nina mvi tayari. Chimbuko lake ni Kwemkole, na aliyeisema mara ya kwanza hakuwa akitunga methali. Alikuwa akijibu swali."

Akaketi kwenye ukingo wa baraza, akawasimulia.

Huko Kwemkole kulikuwa na mwanamke aitwaye Mwajabu, mfanyabiashara wa machungwa. Baba yake, Mzee Singano, alikuwa muadhini wa msikiti wa pale tangu Mwajabu hajazaliwa. Enzi hizo vipaza sauti havijafika, na sauti ya mzee huyo ilivuka bonde ikawaamsha watu wa kilima cha pili. Watoto waliiogopa sauti ile, ingawa mwenyewe hakuwahi kumgusa mtoto wa mtu.

Uzeeni kiharusi kikampiga. Upande wa kushoto ukalala, akili nayo ikawa inakuja na kuondoka. Mkewe alikwisha kutangulia mbele ya haki, na kati ya watoto alikuwa amebaki Mwajabu peke yake. Alimhudumia baba kwa kadiri ya uwezo wake, lakini biashara ya machungwa ni biashara ya safari. Siku moja alirudi akamkuta mzee kaangukia jiko la mkaa, mkono umeungua, na jirani aliyeachiwa kumwangalia kaenda zake kisimani. Tangu hapo Mwajabu akawa hapati usingizi akiwa safarini.

Ndipo akasikia habari za Nyumba ya Tulizo, nyumba ya kulelea wazee iliyokuwa katika mji wa jirani. Akaenda kuiona. Alipokewa sebuleni, sakafu inang'aa, mkeka mkubwa wa ukindu wa rangi umetandikwa ukuta hadi ukuta, wazee wameketi juu yake na wengine vitini, nguo safi, wanakunywa uji. Msimamizi wa nyumba, Bi. Tekla, alikuwa mwanamke mwenye maneno laini. Alimshika Mwajabu mikono yote miwili, akasema, "Mwanangu, huyu sasa ni baba yetu sote."

Kijijini watu walisema waliyoyasema, kwamba Mwajabu kamtupa mzazi. Yeye aliwajibu jibu moja tu: "Nimekwenda mwenyewe. Nimeona kwa macho yangu."

Nyumba ile ilikuwa na sharti: anayekuja kutembelea apige simu mapema, ili wazee wasisumbuliwe wakati wa kupumzika. Mwajabu aliliona sharti la busara. Kila alipokwenda alimkuta baba kaogeshwa, kanyolewa, kavishwa kanzu aliyomnunulia yeye, kaketi mkekani. Lakini safari hata safari baba alizidi kuwa kimya. Mwishowe akawa hasemi kabisa, anamtazama tu.

"Ni ugonjwa, mwanangu," Bi. Tekla alimwambia. "Kiharusi huula ulimi taratibu."

Mwajabu akaamini.

Sasa siku moja lori lililobeba machungwa yake likaharibika karibu na mji ule. Fundi akasema kuna kipuri lazima kifuatwe Tanga. Mwajabu akaona kuliko kushinda kando ya barabara, heri aende akamjulie hali baba yake. Simu ilikuwa imeisha chaji. Akatia machungwa machache kapuni, akatembea.

Getini hapakuwa na mtu. Mlango wa sebule ulikuwa na kufuli. Akachungulia dirishani, akaona viti vimepangwa ukutani vimefunikwa shuka, na ule mkeka umekunjwa, umesimamishwa pembeni. Hapakuwa na mzee hata mmoja. Jambo la kwanza lililomjia ni kwamba wamehama.

Akazunguka nyuma. Huko kulikuwa na banda refu la mabati ambalo siku zote alidhani ni ghala. Harufu ilimpokea kabla hajaufikia mlango. Akajiambia ni choo kimejaa. Kisha akasikia mtu anakohoa mle ndani.

Macho yalikawia kulizoea lile giza. Vilikuwa vitanda vya mbao, vingine vina godoro na vingine vimetandikwa magunia. Mabati yalikuwa yamepata moto na joto limetulia juu ya watu kama kifuniko cha chungu. Mabibi na mababu walilala humo pamoja, pasipo hata pazia baina yao. Bakuli za ugali mkavu zilikuwa sakafuni, na asiyeweza kushuka kitandani angezitazama tu. Hakuna aliyemsalimu. Walimwangalia mara moja, kisha wakainamisha macho, kama watoto walioingiliwa na mwalimu mkali.

Baba yake alikuwa kitanda cha mwisho. Mwajabu alimpita mara ya kwanza bila kumtambua. Alikuwa na shati la mtu mwingine, halina kifungo, na midomo imepasuka kwa ukavu. Mkono wake wa kulia, ule mzima ambao kiharusi hakikuugusa, ulikuwa umefungwa kwenye ubao wa kitanda kwa kipande cha kanga.

Mwajabu akainama aifungue. Mzee alipohisi mtu yuko karibu akafumba macho, akaugeuza uso ukutani, akasema kwa sauti ndogo mno:

"Sijaita, dada. Sikuita mtu. Kiu imekwisha."

Mwajabu alikaa chini pale pale kwenye uchafu. Kumbe ulimi haukuliwa na ugonjwa. Muadhini wa Kwemkole alikuwa amefundishwa kuiogopa sauti yake mwenyewe.

"Wanamfunga kwa sababu huita," alisema bibi mmoja wa kitanda cha jirani. Jina lake Bibi Chausiku, mwembamba, macho bado makali. "Akitaka maji huita, asiposikiwa hugonga kitanda. Wakasema anasumbua. Una machungwa hapo? Mkamulie kinywani, lakini taratibu, asije akapaliwa."

Mwajabu akamkamulia. Mzee alikunywa amefumba macho, kama mtu anayeogopa kwamba akiyafumbua chungwa litaondolewa. Alikuwa kwenye chungwa la pili Bi. Tekla alipotokea mlangoni. Hakuja kwa ukali. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikitika.

"Mwajabu, mbona hukupiga simu? Ungepiga tungemwandaa."

"Mngemwandaa."

"Ndiyo. Tungemwosha, tungemvisha. Sasa umekuja ghafla, umemkuta hivi, unaumia bure."

Mwajabu alimtazama. Kilichomtia hofu ni kwamba mama yule hakuwa akidanganya. Alisema kwa upole uleule wa siku zote, kama anayemlaumu mgeni kwa kufika kabla chakula hakijaiva.

"Kumbe kumwosha mnajua," Mwajabu alisema.

"Wazee ni wengi, mwanangu, na mikono yetu ni michache."

"Na hii kanga ni mkono wa nani?"

Bi. Tekla alisogea kando ya mlango.

Mwajabu akaita bajaji, akasaidiana na dereva kumbeba baba. Alipokuwa anatoka Bibi Chausiku alinyoosha mkono akalishika pindo la kanga yake. "Utakwenda kutusemea," alisema. "Nenda. Ila waambie wasipige simu."

Mwajabu aliitikia, lakini kwa jinsi alivyokuwa, maneno yale yalimpita.

Kesho yake alikwenda kwa ofisa wa ustawi wa jamii, kijana aliyeitwa Mbelwa. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaonekana kuguswa, akaahidi kwenda. Na kweli alikwenda. Lakini kwanza, kama utaratibu wa ofisi ulivyomtaka, aliijulisha nyumba kwamba ukaguzi utafanyika Alhamisi. Alhamisi akakuta mkeka umetandikwa, wazee wameoga, uji unatoa mvuke. Akaomba aone banda la nyuma, akaonyeshwa kuni na magunia ya mahindi. Akawauliza wazee kama wanaishi vizuri. Wakasema, "Tunashukuru."

Jioni alimpigia Mwajabu. "Mama, nimekwenda mwenyewe. Nimeona kwa macho yangu."

Hayo ndiyo maneno ambayo Mwajabu alikuwa akiwaambia majirani zake. Hapo ndipo yakamrudia ya Bibi Chausiku, akawaza yule bibi atakuwa amelipaje kwa ajili ya ukaguzi ule.

Kulipokucha alimpakia baba yake kwenye gari la kukodi mpaka ofisini kwa Mbelwa. Akamketisha mbele ya meza.

"Mwangalie mkono," alisema.

Kwenye kifundo palikuwa na kidonda kilichozunguka kama bangili. Mbelwa akanyoosha mkono ili aushike auone vizuri. Mzee Singano akafumba macho, akageuza uso.

"Sijaita, bwana," alisema.

Mbelwa akaurudisha mkono wake.

"Twende sasa hivi," Mwajabu alimwambia. "Usimwarifu mtu."

"Utaratibu unataka tutoe taarifa, mama."

"Najua."

Kijana yule akainuka. Alilifunga koti lake, akaiacha simu juu ya meza, akamwita askari mmoja aliyekuwa nje, na Mzee Singano akaachwa na mama wa ofisi ya jirani amnyweshe chai. Wakaondoka.

Walifika wakati wa adhuhuri. Magunia ya mahindi yalikuwa nje ukutani, na vitanda vimerudishwa bandani kama Mwajabu alivyoviona. Wazee wawili walikuwa wamefungwa. Mbelwa alipita kitanda hadi kitanda, mkono wake puani. Alipofika katikati akasimama. Kitandani kulikuwa na mtu aliyefunikwa gunia toka kichwani, nzi wametua juu yake.

"Huyu amelala?" aliuliza.

"Huyo ni Mzee Kibwana," Bibi Chausiku alisema. Safari hii alikuwa na uvimbe kwenye shavu. "Amefariki alfajiri."

"Ndugu zake wameambiwa?"

"Bado. Wanangoja wamwoshe wamhamishie sebuleni, ndipo ndugu waitwe."

Askari alitoka nje akaegemea ukuta. Mbelwa alichuchumaa kando ya kitanda cha bibi, na wote waliokuwapo walisema sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyekosa.

"Bibi, jana nilikuuliza wewe mwenyewe. Mbona hukuniambia?"

"Jana ulimkuta nani, mwanangu?" alisema Bibi Chausiku. "Mimi ulinikuta nimewekwa. Mwenye kuniweka kasimama nyuma yako, na mimi najua wewe utakwenda na mimi nitabaki naye. Ningekwambia nini? Mgeni wa taarifa huona mkeka, haoni nyumba."

Hakuyasema kwa hasira. Aliyasema kama mtu anayemweleza mgeni kisima kilipo.

Bi. Tekla alichukuliwa siku ileile, na baadaye akashtakiwa. Wazee wenye ndugu walifuatwa. Walikuja watu waliovaa vizuri, watu wenye kazi zao, wakiwa na picha za sebuleni ndani ya simu, wazee wao wamekaa mkekani wanatabasamu. Walisimama mlangoni mwa lile banda wasiweze kuingia. Binti wa Mzee Kibwana alikuwa amekuja kumtembelea juma lililotangulia. Alimwuliza Mbelwa mara nyingi, kwa utulivu kabisa, kama ana hakika ni baba yake.

Wasiokuwa na ndugu waligawanywa kwa watu wa heri. Bibi Chausiku alichukuliwa na Mwajabu. Mwajabu aliacha biashara ya mbali, akawa anauzia machungwa barabarani pale pale Kwemkole, na bibi ndiye aliyekaa na Mzee Singano mchana.

Mzee aliishi mpaka mvua za vuli. Alioga kila siku, alikula, kidonda cha mkono kikapona. Lakini kila alipotaka maji alitazama kwanza mlangoni kuona nani yupo, ndipo aombe, tena kwa kunong'ona. Mwajabu alimwambia, "Baba, ita tu, upo kwako." Akamwambia asubuhi, akamwambia jioni, mpaka siku aliyomfumba macho. Mzee alitikisa kichwa kukubali, na hakuita.

Pale barazani vijana walikuwa wameacha kucheka zamani.

"Maneno ya bibi yule yalitoka na watu walioyasikia mle bandani," alisema Mzee Mntambo. "Leo ukifika Kwemkole ukasema umekwenda mahali na umeona kwa macho yako, hawakubishii. Watakuuliza tu, je, walijua unakuja? Ukisema ndiyo, watakwambia rudi tena siku wasiyokutazamia. Mgeni wa taarifa huona mkeka, haoni nyumba."