Mbeleko ya Kamwene

"Umpendaye mfunike mgongo, usimfunike pua." Jana mlimsikia mama yenu akimwambia hivyo baba yenu, alipokuwa akimpigia dada yenu Anjelista simu chuoni tena na tena, hata chai ikapoa. Mkacheka, kisha mkanijia mimi mkitaka kujua maneno hayo yametoka wapi. Mmefika penyewe. Yametoka humu humu ndani, na chanzo chake ni bibi yenu Tulalumba, dada yangu wa tumbo moja. Kaeni niwaeleze ilivyokuwa.

Babu yenu Kihwele alikuwa na trekta kuukuu. Alilibatiza Kamwene, ile salamu yetu Wahehe, kwa kuwa lilipowashwa asubuhi mngurumo wake uliwafikia watu wote wa upande huu wa Ismani, nao wakajua kumekucha. Alilisemesha kama mtu. Mwanzoni bibi yenu alilionea wivu, kisha akalizoea, mwisho akalipenda kumshinda mwenyewe.

Mwaka mmoja, mawingu ya kwanza yakiwa yameanza kujikusanya, Kamwene likaishiwa nguvu. Likisimama mahali pamoja lilinguruma vizuri. Barabarani bila mzigo lilikwenda. Lakini babu yenu akishusha plau udongoni na kuanza kupanda mwinuko, lilisogea kidogo, likatoa moshi mweusi tititi, likazimika. Nusu ya kijiji ilikuwa ikilisubiri, na mvua za huku hazina subira. Zikikupita hujalima, mwaka huo utakula kwa jirani.

Babu yenu alilichukulia jambo hilo kama msiba. Akasema injini imechoka, kila kitu kina mwisho wake, hata yeye siku hizi akipanda ule mwinuko huhema. Akapeleka habari kwa wanunuzi wa vyuma chakavu waje Jumamosi walikate walipakie. Bibi yenu aliposikia neno "walikate" aliacha mwiko ndani ya sufuria, akatoka kwenda kulia nyuma ya zizi. Mimi nikamalizia kuusonga ule ugali, ukatoka na madonge.

Siku moja kabla ya wanunuzi kufika, fundi Nyenza alikuja. Babu yenu alikuwa amemwita aje kuliaga tu, maana walikuwa wamelitunza pamoja miaka mingi. Nyenza akakataa kuaga.

"Mzee, mgonjwa hazikwi kabla ya kupimwa," alisema.

Akafungua tanki, akamwaga maji yaliyotuama chini. Akabadilisha chujio la dizeli, akatoa upepo kwenye pampu, akazungusha magurudumu kuona kama breki zimekamata. Wapi! Plau ikishuka, moshi ni ule ule.

"Moshi mweusi ni dizeli isiyoungua ikaisha," akasema Nyenza. "Chakula kipo, pumzi haipo."

Akafungua chujio la hewa. Babu yenu alifurahi kuona lilivyo safi, lakini Nyenza alikunja uso.

"Mama," alimwuliza bibi yenu, "ukianika shuka jeupe hapa nje msimu huu, linakuwaje?"

"Mchana haujafika, limekuwa jekundu," alijibu bibi yenu, sauti ikiwa ndogo.

"Basi hili chujio limevuta vumbi la shamba msimu mzima, limebakije jeupe? Kuna kitu huko mbele kinalimalizia vumbi lake."

Bibi yenu akaanza kuwatazama kuku. Nyenza aliingiza mkono nyuma ya wavu wa mbele, akapapasa mdomo wa bomba la kuvutia hewa, akatoka na kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, kizito kwa vumbi, kimefungwa fundo la mama mzazi. Sote tulikijua. Ilikuwa mbeleko ambayo bibi yenu alimbebea baba yenu Lukelo.

"Lilikuwa linakohoa asubuhi, baba Lukelo," bibi yenu alisema. "Nikaona vumbi limezidi. Nikasema nilifunike kidogo."

"Ulifunike nini, mama Lukelo?"

"Pua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa. Wewe mwenyewe nikikupa sweta unasema nakusumbua."

Babu yenu aliigeuza ile mbeleko mikononi, nikadhani atafoka. Akasema kwa upole, "Siku ya kwanza ulipomfunga Lukelo mgongoni, mama yangu alikwambia nini?"

Kila mama wa hapa huambiwa hivyo kuhusu mtoto wa mgongoni. Bibi yenu akayasema huku analia na kucheka. "Mfunike mgongo, usimfunike pua."

"Umpendaye," babu yenu akaongeza, akamfuta machozi kwa kiganja chenye grisi.

Wakaliwasha. Plau ikazama, Kamwene likapanda mwinuko moshi wake mwembamba, udongo ukipinduka nyuma yake, na bibi yenu akilifuata pekupeku mpaka juu. Wanunuzi walipokuja walilikuta shambani, wakanywa togwa, wakaondoka na gari tupu. Ile mbeleko ilifuliwa, ikafungwa kwenye egemeo la kiti cha trekta. Babu yenu aliyekataa sweta aliegemea mbeleko ile mpaka alipoacha kulima. Nami nilimpenda sana dada yangu, pamoja na mafundo yake.

Basi ndiyo hivyo. Na mtoto wa mbeleko ile namwona hapo mlangoni, simu mkononi, amesikia yote. Lukelo, mwanangu, Anjelista yuko darasani saa hizi. Irudishe mfukoni. Huko chuoni kuna baridi, mtafutie sweta umtumie. Umpendaye mfunike mgongo, usimfunike pua.